Imeli zako ziko kwa laptopu, lakini utazipataje?

Wasee, leo tuongee kuhusu kutafuta imeli. Najua inakaa mada ya kulaza watu, lakini mimi karibu nikosane na mjomba wangu maisha yote kwa sababu yake.

Nilipoacha chuo, akaunti yangu ya mwanafunzi ilikuwa inafungwa. Nikahamisha barua zote hadi kwa laptopu, folda baada ya folda, nikasahau. Mwaka jana mjomba, ambaye alinilipia karo ya muhula mzima, akauliza mbele ya watu kama ile pesa kweli ilifika chuoni. Nilijua barua ya benki iko humo ndani. Nikatafuta neno "risiti" kwa amri ya grep. Hakuna kitu. Nikarudia, wapi!

Kumbe shida yangu ina historia.

Mwaka wa 1971, Ray Tomlinson alituma ujumbe kati ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET huko Marekani, na ni yeye alichagua ile alama ya @. Baadaye, kwenye kompyuta za Unix, barua zako zilikuwa zinaangushwa kwa faili moja ndefu, barua chini ya barua, kila moja ikianza na mstari wa neno From. Muundo huo unaitwa mbox na bado uko. Ken Thompson wa Bell Labs naye alikuwa ametoa grep mwaka wa 1973. Inasoma faili kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, inakuonyesha penye neno lako. Barua ilikuwa maandishi matupu, kwa hivyo hiyo ilitosha kabisa.

Halafu 1992 ikaja MIME, ya Nathaniel Borenstein na Ned Freed. Ndiyo ilifanya picha, nyaraka na lugha zenye herufi zingine zipite kwenye mfumo uliojengewa herufi za Kiingereza pekee. Siwezi kuilaumu. Lakini njia moja inayotumia, base64, inageuza barua kuwa mnyororo wa herufi na nambari. Neno "risiti" likiwa peke yake linakuwa cmlzaXRp. Wewe kwa skrini unaona risiti, grep ndani ya faili inaona uchafu huo, inakuambia hakuna. Hapo ndipo mimi nilikwama bila kujua.

Dawa ni ya zamani kuliko umeme. Katika karne ya 13, watawa wa Kidominiko mjini Paris, chini ya Hugh wa Saint-Cher, walitengeneza itifaki ya Biblia: maneno na mahali yanapopatikana. Unasoma kitabu chote mara moja, unaandika orodha, baadaye unatafuta kwa orodha tu. Hiyo ni faharasa. Kompyuta hufanya vivyo hivyo, na kabla ya kuorodhesha inafungua kwanza zile base64. Mwaka wa 1994 Udi Manber wa Chuo Kikuu cha Arizona na Sun Wu walionyesha Glimpse, programu ya kutengeneza faharasa ya mafaili yako yote kwa mashine yako mwenyewe.

Sasa Gmail. Ilitoka tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na GB 1 wakati Hotmail ilikuwa inatoa MB 2, watu wakadhani ni mzaha wa Aprili. Tukazoea kwamba ukitaka kutafuta vizuri, acha barua zako kwa nyumba ya mtu. Mimi sikubali. Hata Paul Buchheit, aliyeanzisha Gmail, toleo lake la kwanza lilikuwa linatafuta imeli zake yeye pekee!

Na mwaka wa 2009 vitu viwili vilitokea upande wetu: Thunderbird 3 ikaja na faharasa yake, na Carl Worth akaanza notmuch. Notmuch ni ya wale wanapenda kuandika amri, na inataka kila barua iwe faili yake, yaani maildir, siyo mbox. Mimi niliingia Thunderbird. Weka barua kwa folda za ndani ya kompyuta, nenda mipangilio ya jumla, washa utafutaji wa jumla na faharasa, halafu iache ifanye kazi. Ikichanganyikiwa, funga programu, futa faili ya global-messages-db.sqlite, ukifungua tena itajijenga upya. Usiogope, hiyo ni faharasa tu, barua haziguswi. Ila haisomi ndani ya PDF, kwa hivyo tafuta jina la kiambatisho au maneno ya barua yenyewe.

Niliacha laptopu kwa chaji usiku kucha. Asubuhi nikaandika "risiti", barua ikatokea, na tarehe, na kiasi, na nambari yangu ya usajili. Nikapiga picha skrini nikamtumia mjomba. Tiki mbili za buluu, hakuna jibu. Lakini Jumapili aliniita nikule kwake.