Mkono wa Kushika Dutu Zenye Mionzi
Mkono huu wa chuma ni wa aina iliyobuniwa na Raymond Goertz na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1940 katika maabara ya Argonne, karibu na Chicago, Marekani, ili kushughulikia dutu zenye mionzi, yaani miali isiyoonekana inayopenya mwilini na kuharibu seli. Fundi alisimama nyuma ya ukuta mnene wa zege, akitazama kupitia kioo kilichochanganywa na risasi, metali nzito inayozuia miali hiyo, na kila alipobana kishikio, vidole vya upande wa pili navyo vilibana, huku uzito wa kilichoshikwa ukimrudia kiganjani. Hisia hiyo ndiyo sifa kuu ya ubunifu huu. Mwaka 1954 Goertz aliwasilisha mkono ulioendeshwa kwa mota za umeme.