Mama alihamia uani

Mazungumzo yangu wiki hii ni habari ya nyumba, na nitaanza na yangu ili nisiseme ya watu.

Mwaka 1991 nilijenga Dar es Salaam nyumba niliyoiona ya kisasa hasa: tofali za saruji, bati bila dari, na madirisha makubwa ya vioo yakitazama barabarani, upande wa magharibi. Haikutimia hata wiki tatu, mama yangu, niliyemleta kutoka kijijini kwa mbwembwe, akachukua mkeka wake akahamia kulala uani. Nilipomwuliza kulikoni, akanijibu, "Mwanangu, mle ndani umenijengea tanuri." Jua la alasiri lilifika mpaka mvunguni mwa kitanda. Tukishusha mapazia ili wapita njia wasituone, upepo nao tunaufungia nje.

Sasa mwanangu anataka kujenga, na ramani aliyonionyesha ina vioo kuliko vile vyangu. Ndipo nikarudi kwenye historia. Watu wa pwani hii wameishi na joto hili hili karne nyingi bila umeme. Je, walijengaje?

Mwaka 1948 James Kirkman alianza kufukua magofu ya Gedi, karibu na Malindi. Alikuta nyumba za mawe zenye nyua za ndani, akazipa majina kwa vitu alivyookota humo, moja akaiita Nyumba ya Mkasi. Mtindo huo unaonekana vizuri zaidi katika nyumba kuukuu za Lamu. Unaanzia dakani, penye baraza, na mgeni wa kawaida huishia hapo. Njia ya kuingilia inapinda, hata mlango ukiwa wazi mpita njia haoni kitu. Baada ya hapo unatokea kiwandani, yaani uwanja ulio wazi juu, halafu vyumba vinafuatana hadi ndani kabisa kwenye zidaka. Ukuta wa barabarani una madirisha machache, kwa sababu mwanga na hewa vinashuka kwa juu, na hewa ya moto inapanda na kutokea huko huko. Kwao sitara na upepo vilitoka katika mpango mmoja. Kwangu mimi viligombana kila siku.

Nisiwasifie kupita kiasi. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa kawaida pungufu ya mita 3. Vyumba vya ndani vilikuwa na giza, na ukuta mnene wa matumbawe, unaochelewesha joto mchana, hulirudisha usiku. Wala sisemi tukavunje matumbawe baharini.

Hata nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, ile ya vyumba sita ambayo vijana wa rika langu tuliicheka, ilikuwa na akili yake. Ukumbi unakata katikati toka mlango wa mbele hadi uani. Fungua milango yote miwili, upepo unapita. Uani wenye nyumba wanapika na kupumzika bila kutazamwa. Juu palikuwa na makuti, ambayo hayapitishi joto kama bati.

Nilimweleza mwanangu haya. Akasema, "Baba, siku hizi kuna kiyoyozi." Nikamwuliza umeme ukikatika Februari atafanyaje. Hapo akanyamaza, tukaanza kuzungumza kama watu wazima. Saruji na bati abaki navyo. Ila nyumba ailaze ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, maana jua la asubuhi na la jioni ndilo linalopenya madirishani. Hapo atapokea kaskazi kuanzia Desemba, na kusi kuanzia Aprili. Upenu utoke mita nzima. Chini ya bati aweke dari, na juu ya dari matundu ya kutolea joto. Katikati aache ua mdogo, na vyumba vya kulala vifungulie huko, si barabarani.

Upenu na dari amekubali. Ua anasema unakula kiwanja. Dirisha la magharibi bado analing'ang'ania, eti sebule ipate kuonekana.

Jumamosi fundi anakuja kupiga kamba za msingi. Nimemwomba mwanangu tutangulie kiwanjani Ijumaa, saa kumi alasiri, tusimame pamoja mahali dirisha hilo litakapokaa.