Nyumba ya Bernarda Bila Maneno

Federico García Lorca alimaliza kuandika Nyumba ya Bernarda Alba mwezi Juni 1936. Miezi miwili baadaye aliuawa karibu na Granada, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza Hispania, na tamthilia hiyo haikuonyeshwa hadi mwaka 1945, mjini Buenos Aires. Inamhusu mjane anayewafungia ndani binti zake watano kwa msiba wa miaka 8. Baadaye watunzi wa dansi waliichukua: Mmarekani Alvin Ailey mwaka 1962, Kenneth MacMillan mjini Stuttgart mwaka 1963, Mats Ek nchini Sweden mwaka 1978. Naamini kilichowavuta ni kwamba Lorca alikwisha kuiweka dhuluma ya nyumba hii mwilini.

Tazama vitendo vyenyewe. Wanawake wamevaa nyeusi, wameketi kushona mashuka kwenye joto kali, na mama anatembea na fimbo. Adela, kitinda mimba mwenye miaka 20, anathubutu kuvaa gauni la kijani nyumbani mwa msiba. Mwishoni anaipokonya fimbo ile na kuivunja vipande viwili. Maneno ni silaha ya mama, ambaye neno lake la kwanza jukwaani, na la mwisho pia, ni amri ya kunyamaza. Dansi inapoyaondoa maneno, amri hiyo inatimia, nasi tunaona inavyowafanya walioitii. Ek alimpa mchezaji mwanamume nafasi ya Bernarda, na papo hapo ikaonekana kwamba mama huyu amekalia kiti cha mfumo dume.

Watetezi wa Lorca watasema yeye ni mshairi, na kumnyang'anya lugha ni kumnyang'anya roho. Wana haki kwa sehemu: Adela anapojinyonga, Bernarda anaamuru itangazwe kwamba amekufa bikira, na uongo wa namna hiyo hauchezeki. Pingamizi zito zaidi ni kuhusu Pepe el Romano, mwanamume ambaye mabinti wanamgombea, na ambaye Lorca hakumleta jukwaani kamwe. MacMillan alimleta, na hapo fumbo likapungua. Hata hivyo, aliyewafunga mabinti hawa si Pepe, ni mama yao, na kifungo hicho hakikulegea. Kwa hiyo dansi ihukumiwe kwa kuuliza kama imeigusa dhuluma pale inapokaa, hata kama imeacha nusu ya kisa. Kwa kipimo hicho, watunzi hawa walimsoma Lorca kwa uaminifu.