Hodi ya Umeme: Habari za Kengele na Vibao katika Swichibodi za Kwanza za Simu

Mgeni afikapo mlangoni hubisha hodi, naye mwenye nyumba huitika. Ndipo mazungumzo yaanzapo. Simu ya Alexander Graham Bell, iliyopewa hati ya haki ya uvumbuzi tarehe 7 Machi 1876 huko Marekani, ilizaliwa pasipo hodi. Ilijua kusema, lakini haikujua kuita. Sauti yake ilikuwa ndogo mno kusikika na mtu aliye mbali na chombo, na mtu aliye karibu nacho hakuwa na sababu ya kukitega sikio mchana kutwa. Ndiyo kusema kwamba ajabu hii iliyoshangaza mataifa ingaliweza kubaki kitu cha kuchezea katika maonyesho, kama wasingalitokea mafundi wa kushughulikia jambo dogo lisilo na sifa: namna ya kumwambia mtu kwamba anatakiwa.

Mara nyingi historia ya simu husimuliwa kana kwamba ni historia ya sauti peke yake. Wanafunzi hujifunza habari za Bell na maneno aliyomwambia msaidizi wake Thomas Watson tarehe 10 Machi 1876, kisha wakaruka moja kwa moja hadi miji iliyojaa nyaya. Katikati ya hayo mawili mna kazi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuhusu sauti hata kidogo. Ilihusu sumaku.

Asili ya sumaku hiyo ni ya zamani kuliko simu. Mwaka wa 1820 Oersted wa Denmark alionyesha kwamba mkondo wa umeme huigeuza sindano ya dira. Mwaka wa 1825 Sturgeon wa Uingereza aliviringisha waya juu ya chuma laini, akapata sumaku ambayo huwa na nguvu umeme upitapo na kuipoteza mara umeme ukomapo. Kisha mwaka wa 1831 Joseph Henry, mwalimu wa Albany katika jimbo la New York, alipitisha umeme katika waya wenye urefu wa zaidi ya maili moja, na mwisho wa waya huo sumaku ikasukuma ufito ulioigonga kengele. Mtu aweza kusema bila kukosea sana kwamba hodi ya umeme ilitangulia sauti ya umeme kwa miaka 45. Lakini Bell na wenzake walikuwa wameyakaza macho kwenye sauti, na hodi wakaisahau.

Watu wa kwanza kukodi simu, mnamo mwaka wa 1877, waliitana kwa kupiga kelele ndani ya chombo, au kwa kugongagonga kwa ncha ya kalamu kile kibati chembamba cha chuma kinachotetemeka. Kibati hicho ndicho moyo wa simu, na kukigonga hivyo ni kukiharibu. Watson, aliyekuwa fundi hodari kuliko alivyokuwa mtu wa nadharia, akatia nyundo ndogo ndani ya sanduku ili mtu agonge pasipo kuumiza kitu. Baadaye akatengeneza chombo cha kuvuma. Vyote viwili havikutosha, kwa kuwa havikusikika katika chumba chenye kelele za watu na mashine.

Mwaka wa 1878 Watson alipata jawabu lililodumu. Alichukua dainamo ndogo yenye sumaku za daima, akaitia mpini wa kuzungusha kwa mkono. Mtu akizungusha, umeme hutoka ukienda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa kila sekunde. Upande wa pili wa waya aliweka kengele ya namna mpya: kipande cha chuma kilichoshikwa katikati kama mtambo wa mizani, chini ya sumaku mbili za umeme, na karibu nao sumaku moja ya daima. Umeme ukienda huku, ncha moja ya mizani huvutwa. Ukigeuka, huvutwa ncha ya pili. Na kirungu kidogo kilichofungwa kwenye mizani hiyo huyumba kati ya vikombe viwili vya kengele, kikigonga hiki na hiki. Hapana betri ya kuisha nguvu, wala hapana ncha za kuungua. Mpango huo wa kengele ulikaa ndani ya simu za dunia nzima kwa karibu miaka mia moja, hata vifaa vya elektroniki vilipokuja kuuondoa.

Hata hivyo wanadamu ni wasahaulifu. Kengele na chombo cha kusemea havikuweza kutumia waya mmoja kwa wakati mmoja pasipo hasara, hivyo ilimpasa mtu kusukuma swichi upande huu anapongoja kuitwa na upande wa pili anapozungumza. Watu walimaliza mazungumzo wakaenda zao, swichi wakaiacha ilipo, na kengele ikawa bubu. Hilborne Roosevelt, mjenzi wa vinanda vya kanisani huko New York, ndiye anayetajwa kwa kuleta ndoano inayoinuka yenyewe: uzito wa chombo cha kusikilizia huivuta chini na kuirudisha kengele kwenye waya. Mtu akitundika chombo mahali pake, kazi imekwisha, naye hana haja ya kukumbuka lolote. Wazo hili la kuifanya tabia ya mtu iiongoze mitambo pasipo yeye kujua litarudi tena mbele.

Hapa yafaa kusimama kidogo juu ya lugha. Neno letu simu latokana na Kiajemi, na maana yake ya asili ni waya. Waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka wa 1879, na tangu enzi za telegrafu watu wa pwani walisema kupiga simu, kama vile wasemavyo kupiga kengele, kupiga ngoma au kupiga mbiu. Kitenzi hicho hakisemi juu ya maneno yapitayo ndani ya waya. Chasema juu ya tendo la kuamsha. Waingereza na Wamarekani walichagua kuita na kuzungusha. Labda Kiswahili ndicho kilichokaa karibu zaidi na nyundo ya Watson.

Maadamu simu zilikuwa mbilimbili, kengele ilitosha. Taabu ilizidi pale wenye simu walipotaka kuzungumza na watu wengi. George Coy wa New Haven, jimbo la Connecticut, aliyekuwa amemsikia Bell akihutubia mjini humo mwezi wa Aprili 1877, alifungua tarehe 28 Januari 1878 nyumba ya kwanza ya biashara ya kuunganisha simu, yenye wenye simu 21 waliogawana nyaya 8. Swichibodi yake yasimuliwa hata leo kwa ufukara wake: misumari ya mikokoteni, vishikio vya vifuniko vya buli, na waya uliotolewa katika nguo za ndani za wanawake za kutanulia marinda. Mazungumzo mawili tu yaliweza kwenda kwa pamoja, na kila moja lilihitaji maungano sita. Kumwamsha mtu aliyetafutwa palitumika kifaa cha kupeleka mlio mkali kwenye waya, ambacho watu walikiita kwa mzaha kuku wa Coy.

Mzaha ni mzaha, lakini swali lililokuwa mbele ya Coy halikuwa la mzaha. Nyaya nyingi zikikusanyika mahali pamoja, kengele haisaidii tena. Kengele yasema kwamba mtu aita. Haisemi ni nani. Zikilia kengele ishirini ukutani, mwenye kuunganisha atasimama kama mtu aliyeitwa na kijiji kizima. Ilihitajika ishara ya kuonekana kwa macho, na tena ishara itakayobaki baada ya mwitaji kuacha kuita.

Ishara hiyo iliazimwa kutoka hotelini. Hoteli kubwa zilikuwa tayari na mbao za ukutani, ambapo mgeni akibonyeza kifungo chumbani mwake, kibao chenye namba ya chumba huanguka mbele ya mtumishi. Katika swichibodi kila waya ulipewa sumaku yake na kibao chake. Kibao ni kipande chepesi cha shaba kilichofungwa kwa bawaba upande wa chini. Juu kimeshikwa na kingoe kilicho mwisho wa ufito mwembamba. Mwitaji akizungusha mpini wake, sumaku huvuta kipande cha chuma, ufito huinuka, kingoe huachia, na kibao huanguka kwa uzito wake, kikifunua namba. Uzuri wa mpango huu ni kwamba umeme haufanyi kazi yoyote nzito. Hutegua tu, kazi hufanywa na uzito wa kibao, kama mtego wa ndege unavyofanya. Kwa hiyo nguvu ndogo iliyochoshwa na safari ndefu yatosha kutoa habari kubwa. Usiku, mwenye kuunganisha alipojinyosha, kibao kilipoanguka kiligusa ncha ya waya na kuiliza kengele moja ya wote.

Kingoe hicho kilitaka mkono wa fundi mwenye subira. Kikikazwa mno, mwenye simu wa mbali atazungusha hadi achoke. Kikilegezwa, radi ya mbali au mtikisiko wa meza huangusha vibao visivyoitwa na mtu. Tena sumaku zilizopangwa bega kwa bega ziliingiliana, hata maneno ya waya mmoja yakasikika katika mwingine, mpaka ikabidi kila moja ivishwe neli ya chuma ili isimnong'oneze jirani yake.

Lakini taabu kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwisho wa mazungumzo. Swichibodi ilijua mtu aanzapo, haikujua amalizapo. Desturi iliwekwa kwamba wakimaliza, wazungushe tena mpini, na katikati ya kamba ya kuungia pakawekwa kibao kingine cha kuangushwa na mzunguko huo. Sumaku ya kibao hiki ilivirigwa waya mwingi sana, ili umeme wa kengele, ambao hugeuka polepole, upite, na umeme wa sauti, ambao hugeuka upesi mno, uzuiwe usivuje na kuyadhoofisha maneno. Ni werevu wa hali ya juu. Ila watu hawakuzungusha. Walitundika chombo wakaondoka, na kamba ikabaki imeshika nyaya mbili zisizo na mtu, huku wengine wakiambiwa kwamba yule wamtakaye ana shughuli.

Aliyelipa gharama ya usahaulifu huo alikuwa mwenye kuunganisha. Hapo kwanza walikuwa vijana wa kiume, waliozoea fujo za ofisi za telegrafu na waliotukana wenye simu. Tarehe 1 Septemba 1878 Emma Nutt alianza kazi mjini Boston, akawa mwanamke wa kwanza kuifanya, na baada ya miaka michache kazi yote ikawa mikononi mwa wanawake. Husifiwa kwa sauti zao tamu na adabu. Sifa hiyo ni haki yao, lakini yaficha jambo. Kila mazungumzo yalimtaka binti aone kibao, atie plagi, aulize, aunganishe, aite, akirudishe kibao mahali pake kwa kidole, kisha aingie katikati ya watu mara kwa mara kusikiliza kama wangali wanazungumza. Kuingia huko kuliwafanya watu waone kwamba wanachunguzwa. Na kweli siri za mji zilipita masikioni mwake, awe amezitaka au hakuzitaka. Hakuwa mdaku. Alikuwa akifanya kazi ya ishara iliyokosekana.

Mafundi walianza kwa kidole. Wakatengeneza kibao kilichopangwa pamoja na tundu lake, hata plagi ikiingia, kibao husukumwa na kusimama. Palipokuwa na mbao kubwa zenye matundu ya maelfu, vibao viliwekwa juu mbali na mkono, vikirudishwa na sumaku ya pili. Msaada mkubwa ulikuja na betri moja ya pamoja, iliyokaa katika nyumba ya kuunganishia badala ya kila mtu kuwa na betri na dainamo nyumbani kwake. Mpango huo, uliosimamiwa na Hammond Hayes wa kampuni ya Bell, ulianza kutumika Lexington, jimbo la Massachusetts, mwaka wa 1893. Sasa ile ndoano ya simu ilipewa kazi ya pili. Chombo kikiinuliwa, umeme wa betri hupita, sumaku ndogo katika nyumba ya kuunganishia huvuta ncha zake, na taa ndogo kama punje ya mahindi huwaka kwenye ubao. Chombo kikitundikwa, taa iliyo kando ya kamba huwaka. Taa mbili zikiwaka, wote wawili wamekwenda. Mwenye simu hakuzungusha kitu wala hakukumbuka kitu, na binti hakuwa na haja tena ya kuingia katikati ya maneno ya watu.

Sumaku iliyoiwasha taa hiyo ndiyo ambayo baadaye ingemwondoa binti mwenyewe. Almon Strowger, mzishi wa Kansas City, alipata hati tarehe 10 Machi 1891 kwa mtambo wa kuunganisha pasipo mtu. Yasimuliwa kwamba aliwashuku wenye kuunganisha kuwa walimpelekea mshindani wake wateja wenye misiba. Mtambo wake ulifunguliwa La Porte, jimbo la Indiana, mwaka wa 1892, yaani mwaka mmoja kabla ya betri ya Lexington. Kwa hiyo swichibodi ya mkono ilifikia ukamilifu wake wakati mrithi wake alikwisha zaliwa, na bado ikaishi naye kwa miongo mingi, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa miji midogo.

Huko Bryant Pond, kijiji cha jimbo la Maine, watu waliendelea kuzungusha mpini na vibao kuanguka hadi mwezi wa Oktoba 1983, ambapo simu za namna hiyo za mwisho katika Marekani zilifungwa. Baadhi ya wanakijiji walikuwa wamepigania zisiondolewe.