Tundu la Shingoni

Kogo, yaani nyanya, alimvuta mjukuu wake mlangoni, penye mwanga, akamwinua kidevu. Upande wa kulia, juu kidogo ya mtulinga, palikuwa na tundu lisilozidi ncha ya sindano. Alibonyeza ngozi kando yake. Tone la ute likachungulia. "Alizaliwa nalo," akasema. "Majirani wanadai mursik, maziwa yetu ya mgando, hutokea hapo." Nje, wachumaji walikuwa wakirudi na vikapu vya majani chai. Tundu lile lilianzia wapi?

Nilianza na jina lake la kitabuni: fistula. Kericho hadi Bomet, kila niliyemtajia neno hilo alinielekeza kwa akina mama walioumia wakati wa kujifungua. Njia ikafa hapo. Kwa Kilatini fistula ni bomba, au filimbi, na bomba linaweza kuwa popote mwilini. Basi nikaomba kadi ya zamani ya mtoto. Mtu alikuwa ameandika "TB ya tezi", kisha akatia alama ya kuuliza. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa shaka yake. TB ya tezi huvimba kwanza, ndipo hupasuka. Huyu hakuwahi kuvimba. Kama si TB, nani aliwahi kuliona tundu kama hili?

Njia ikaniondoa kwenye chai, ikanipeleka Ujerumani. Mwaka 1825 Heinrich Rathke alipasua viinitete vya nguruwe, akaona mifereji shingoni, akaifananisha na matamvua ya samaki. Mwaka 1829, mjini Halle, kikachapishwa kitabu kilichodai kwamba matundu ya shingo hutoka kwenye koromeo la hewa. Miaka mitatu baadaye, Berlin, Ferdinand Ascherson aliyahusisha na ile mifereji ya Rathke. Hadithi ikaenea: binadamu huanza kama samaki. Lakini je, tuliwahi kuwa na matamvua?

Hapo nasita. Wiki ya nne, kiinitete ni kidogo kuliko punje ya mchele. Shingoni mwake huota matuta, na kati ya matuta kuna mifereji. Kwa samaki, sehemu hizo huja kuwa matamvua. Kwetu hazipumui hata siku moja. Mfereji wa kwanza hubaki wazi maisha yote: ndio tundu la sikio. Tuta la pili hukua likafunika yaliyo chini yake, na uwazi uliobaki huzibika. Usipozibika, na mara nyingi ni ule wa mfereji wa pili, mtoto huzaliwa na kijia kinachopanda shingoni, kikapenya kati ya mishipa miwili mikubwa ya damu, hadi kwenye findo. Na mursik je?

Majirani hawakukosea kabisa. Kijia kikifika kooni, kinywaji kinaweza kupenya. Ila ute aliokamua kogo hutengenezwa na utando wa kijia chenyewe, ndiyo maana kuziba mdomo wake tu hakusaidii. Daktari wa upasuaji hukifuata hadi mwisho. Nilimweleza kogo hayo. Nikaongeza kwamba katika baadhi ya familia tundu la shingo huandamana na kishimo mbele ya sikio, na hapo hupimwa usikivu na figo pia.

Kogo alinyamaza. Akalegeza kitambaa cha kichwa, akanigeuzia shavu, akaweka kidole mbele ya sikio la kushoto. "Na hiki?"