Kabla ya Ungo Alikuja Mkwaju: Telenovela na Hadhira Yake Mchukwi

Utangulizi

Katika semina moja ya uhakiki hapa chuoni mwenzetu mmoja alisoma makala kali kuhusu tamthilia za Kihispania. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanakijiji anayeketi mbele ya televisheni kufuatilia mapenzi ya matajiri wa Miami amekwisha kutekwa akili, na kwamba hadhira ya namna hiyo haihakiki kitu, inameza tu. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kama wengine, kisha nikarudi chumbani nikiona haya, kwa sababu kabla sijawa mwalimu, na kabla sijarudi chuoni kusomea shahada ya umahiri, nilikuwa mkalimani wa kasumba hiyo hiyo katika kata ya Mchukwi, Kibiti. Nililipwa maandazi.

Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi telenovela ilivyofika kwetu, maana ina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Aidha nitakiri jambo moja nililolifanya katika ukalimani huo. Naona bila kulikiri, uhakiki wangu utakuwa wa kinafiki.

Chimbuko

Wengi wetu tunadhani telenovela ilizaliwa pamoja na televisheni. Sivyo. Mzizi wake mmoja uko katika magazeti ya Ulaya ya karne ya 19, yaliyochapa riwaya kipande kipande ili msomaji alinunue na toleo lijalo. Eugène Sue aliitoa Les Mystères de Paris kwa mtindo huo mwaka 1842 na 1843.

Mzizi wa pili, ambao unatuhusu zaidi, uko katika karakana za sigara za Kuba. Kuanzia miaka ya 1860, mjini Havana, wafanyakazi waliokuwa wakivingirisha tumbaku walikuwa na msomaji wao. Alikaa juu ya kiti kirefu akawasomea magazeti na riwaya kwa sauti, nao mikono ikiendelea na kazi. Ujira wake walimchangia wenyewe kutoka mishahara yao, na katika kuchagua kitabu walikuwa na kauli. Hebu tuangalie jambo hilo kwa makini: mkono una kazi, sikio li huru, na fanani analipwa na hadhira yake. Huo ni utambaji, bwana, ila kitabu kimeshikwa mkononi.

Redio ilipoenea, Kuba ikawa hodari wa michezo ya mfululizo. Mwaka 1948 Félix B. Caignet alirusha El derecho de nacer. Humo mna mzee anayeijua siri ya kuzaliwa kwa kijana mmoja, lakini anapooza na kupoteza sauti. Siri imo kifuani, ulimi umekufa, na wasikilizaji wakangoja siku baada ya siku mzee aseme. Mbinu hii ya taharuki ndiyo telenovela inayoishi nayo mpaka leo.

Mwaka 1969 Peru ikatoa Simplemente María, kisa cha msichana wa kijijini anayekwenda mjini kuwa mtumishi wa nyumbani, kisha anajifunza kushona na kupanda ngazi ya maisha. Wanawake wengi, hasa watumishi, wakaanza kujifunza kushona, na mauzo ya vyerehani vya Singer yakapanda. Siku ya kurekodi harusi ya Maria, watu kwa maelfu walifurika nje ya kanisa mjini Lima kana kwamba wamealikwa.

Huko Mexico mtu wa maigizo aitwaye Miguel Sabido aliliona hilo akajiuliza: ikiwa mchezo usiokusudia kufundisha umewafundisha watu cherehani, je, mchezo uliokusudiwa? Mwaka 1975 akatoa Ven conmigo, iliyohimiza elimu ya watu wazima, na mwaka 1977 Acompáñame, iliyohusu uzazi wa mpango. Kanuni yake ilikuwa rahisi. Weka mhusika mwema, weka mwovu, halafu katikati weka wanaoyumba, ambao mtazamaji atajiona ndani yao.

Mkwaju aingia Mchukwi

Sasa njoo nyumbani. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Bara tulingoja mpaka 1994. Hata hivyo telenovela ilitutangulia kwa mwaka mmoja, tena ikija kwa Kiswahili, na hakuna aliyeitambua. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo uliojengwa kwa kanuni zile zile za Sabido. Ulirushwa mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Eneo lililopata matangazo ya Dodoma liliachwa kando mpaka 1995 ili watafiti wawe na mahali pa kulinganisha. Sisi wa Pwani tuliupata tangu mwanzo.

Mhusika mwovu wake ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe ni Tunu. Mwisho Mkwaju anakufa kwa ukimwi. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini naikumbuka redio yetu ikiwa juu ya kinu kilichogeuzwa, na wanawake wamekaa barazani wakisuka ukili wa mikeka. Rufiji yote inajulikana kwa mikeka yake ya milala. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe, kama ile ya Havana, na masikio yako kwa Mkwaju.

Jina hilo likawa silaha. Mwanamume akirudi usiku wa manane, utasikia kutoka uani: "Mkwaju huyo, karudi na lori lake!" Wanaume walichukia, lakini wafanyeje? Aliyetukanwa alikuwa mtu wa redioni. Nyakati zile maradhi yale hayakutajwa jina kwetu hata msibani. Ilisemwa tu kwamba marehemu "aliugua sana". Mchezo uliwapa wanawake jina la kutaja. Hapa mwenzetu wa semina atasema kwamba huo ulikuwa mchezo wa mafunzo, tofauti na upuuzi wa Miami. Ni kweli ulikusudiwa kufundisha. Ila chombo ni kile kile, na hadhira ni ile ile iliyojifunza kwa Mkwaju namna ya kufuatilia siri kwa miezi na miaka, ikaja kuketi mbele ya ungo.

Ungo na mkalimani

Miaka ya mwanzo ya 2000 mwenye duka mmoja alileta ungo, televisheni ya inchi 14 na jenereta. Umeme wa gridi ulikuwa bado ndoto kwetu. Usiku wa kwanza tuliona chenga tu, wa pili tukaona mpira, na baada ya hapo wanawake wakauliza habari za tamthilia walizosimuliwa na ndugu zao wa Dar es Salaam. Wakati huo Secreto de Amor, iliyotengenezwa Miami mwaka 2001, ilikuwa gumzo nchini, pamoja na kisa chake cha mwanamume mwenye majina mawili. Zikafuata nyingine ambazo majina yake yalitamkwa kijijini kwa namna tatu.

Tatizo lilikuwa lugha. Kihispania kilikuwa kimefunikwa kwa Kiingereza, midomo ikisema hiki na sauti ikisema kile. Mjini palikuwa na watu kama Lufufu, waliojipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Sisi hatukuwa na Lufufu. Palikuwa na mimi, kidato cha pili, Kiingereza changu cha kuombea maji. Nikakalishwa kwenye ndoo mbele ya kioo. Kiingilio kilikuwa shilingi 50. Mimi niliingia bure, na asubuhi nikapewa maandazi na wale niliowafasiria.

Nilikuwa naelewa nusu. Nusu nyingine niliitunga. Na hadhira haikunyamaza. "Usimwamini huyo, mwanangu!" "Muziki umebadilika, kuna mtu mlangoni." Mara nyingi walijua linalokuja kabla yangu, kwa kutazama nyuso na kusikiliza ngoma. Wapi hapa pana kumeza? Kilichokuwa mbele yangu ni hadhira hai ya fasihi simulizi, ile tunayoisoma vitabuni na kuilalamikia kwamba imekufa.

Uongo wangu

Nililelewa na mama mdogo. Mumewe, baba mdogo, alikuwa Dar es Salaam akifanya kazi, na ndiye aliyenilipia ada. Ilijulikana kwamba huko ana nyumba nyingine. Mama mdogo hakulisema. Alisuka ukili wake, akauza mikeka, na jioni akaja kuketi nyuma yangu.

Katika tamthilia mojawapo alikuwapo mwanamke aliyegundua kwamba mumewe ana maisha mawili. Kijiji kizima kilingoja wakutane. Wakakutana. Mwanamke akazungumza kwa kirefu, pole pole, wala hakulia, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kila neno. Alikuwa akimwambia kwamba basi, asirudi tena.

"Mwanangu, kasemaje?" mama mdogo akauliza nyuma yangu.

Banda lilikuwa kimya. Niliwaza ada. Niliwaza kwamba mama mdogo akifunga virago, baba mdogo hatanijua tena. Nikasema, "Kasema atamsubiri, mama. Kasema ndoa ni subira."

Wanawake wakaguna. Mama mdogo hakuguna. Sehemu zilizofuata nilihangaika kuunganisha uongo wangu na picha, maana yule mwanamke alionekana ana nyumba yake na kazi yake, nami nikasema hiyo nyumba ni ya dada yake. Mwezi haukwisha, dada mmoja akaja kutoka Temeke kwa likizo. Yeye alikuwa amekwisha kuisikia kwa Kiingereza chake cha mjini. Akaketi, akasikiliza ukalimani wangu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mtoto anawadanganya! Walishaachana hawa!"

Nilipoteza ndoo yangu usiku ule. Nilirudi nyumbani nikijua nitapigwa. Mama mdogo alikuwa anamalizia chane ya mwisho ya ukili, na taa ya chemli iko pembeni.

"Nilijua," akasema. "Uso ule haukuwa wa mtu anayesubiri."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nikuaibishe mbele za watu? Kwanza nilitaka kujua unaogopa nini." Akakata chane kwa meno. "Ada yako utalipiwa mpaka kidato cha nne. Nimekwisha kuhesabu. Baada ya hapo tutaona mimi na yeye."

Nilimaliza kidato cha nne. Mwaka huo huo mama mdogo alidai talaka yake, akaipata, akajenga chumba na ukumbi kwa fedha ya mikeka. Hakutokana na telenovela uamuzi huo, na sitaki msomaji aondoke na fikra hiyo. Alikuwa nao tangu zamani. Mimi, mkalimani, ndiye niliyedhani anafuata ninachomwambia.

Hali ya sasa

Mambo yamebadilika. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilirusha mchezo wa Kichina wa Doudou na mama wakwe zake ukiwa umeingiziwa sauti za Kiswahili, hata Rais Xi Jinping akautaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Baadaye michezo ya Kituruki nayo ikaletwa kwa Kiswahili, na ving'amuzi vikaingia vijijini. Mkalimani wa kwenye ndoo hana kazi tena. Kisha mwaka 2017, wakati wa mauaji ya viongozi wa vijiji na askari Kibiti, Rufiji na Mkuranga, pikipiki zilizuiwa usiku na watu wakajifungia mapema. Banda letu likafungwa jioni, na hata hofu ilipopungua halikurudia hali yake. Siku hizi kila nyumba inatazama peke yake. Mama mdogo ananiambia picha ni nzuri na lugha anaielewa, ila hana wa kubishana naye.

Hitimisho

Mwenzetu wa semina yuko sahihi katika jambo moja: matajiri wa Miami hawakutuletea michezo yao kwa kutupenda, na vituo vyetu vilinunua vya nje wakati waigizaji wetu wakilala njaa. Hilo lipigwe vita. Lakini tukihakiki kazi tusiisahau hadhira. Telenovela imepita kwenye karakana za Havana, redio za Kuba, vyerehani vya Lima, lori la Mkwaju na banda la Mchukwi, na kila ilipopita ilikuta watu mikono yao ikiwa kazini na wakiwa na shauri la moyoni wanalolipima. Katika karakana, redio na banda walikuwapo watu waliosikiliza pamoja. Napendekeza basi kwamba wanafunzi wa fasihi simulizi waende kwenye mabaraza hayo yaliyobaki na daftari, kabla hayajaisha, wakaandike wanayosema watazamaji. Na wakienda, wasijidhanie wao ndio wenye kuelewa. Mimi nilijidhania hivyo, na mama mdogo alikuwa ameketi nyuma yangu muda wote akiniona.