MALKIA WAWILI WA HAYMARKET – Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Katika mazoezi ya opera Ottone jijini London, mwimbaji Francesca Cuzzoni alikataa katakata kuimba wimbo aliopewa. Inasimuliwa kwamba mtunzi George Frideric Handel alimkamata kiunoni, akaapa kumtupa nje kupitia dirishani. SASA ENDELEA…

Cuzzoni aliimba. Januari 1723 opera ilipoanza kuonyeshwa, wimbo uleule alioudharau ndio uliompandisha chati. Kwa miaka mitatu hakuna mwanamke aliyemtikisa kwenye jukwaa la King's Theatre, Haymarket.

Mwaka 1726 akaletwa Faustina Bordoni, mzaliwa wa Venice.

Hawakuwa wageni wao kwa wao. Walikwisha kuimba pamoja Italia. Cuzzoni alikuwa na sauti ya juu, laini, na nyimbo za polepole za majonzi zilikuwa zake. Faustina alikuwa na koo jepesi: alimimina noti za kasi mfululizo, na kila moja ikasikika.

Handel akajua mafahali wawili wamo zizini. Katika Alessandro, Mei 1726, aliwapa nafasi za wanawake wanaomgombea mwanamume mmoja. Akawagawia nyimbo kwa mizani, huyu asimzidi yule, kisha akawatungia na wimbo wa kuimba pamoja.

Wao wakaimba. Mashabiki ndio walioshindwa kuvumilia. Lady Pembroke alisimama na kambi ya Cuzzoni, Lady Burlington na kambi ya Faustina, na kila jioni kushangilia kukageuka kuzomeana.

Ikafika tarehe 6 Juni 1727. Usiku huo ilichezwa Astianatte ya Giovanni Bononcini, na Caroline, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme, alikuwa ukumbini. Hata mbele yake adabu ilishindikana. Huku miluzi, kule kelele za kuzomea, mpaka muziki ukamezwa na vurugu.

Nasema bila kuficha: moto ule uliwashwa na watu waliokaa vitini, na aibu wakabebeshwa wanawake wawili waliokuwa kazini.

Maana siku chache baadaye vijitabu vilikuwa vikiuzwa London, vikidai kwamba Cuzzoni na Faustina walivutana nywele jukwaani!

Je, walipigana kweli, au walisingiziwa? Na kampuni ya opera iliyowaajiri ilisalimika? Usikose sehemu ya tatu wiki ijayo.